Majina Niliyoyaandika Kwenye Mafiga

Jumamosi, 4 Novemba

Leo Evaristi kamvunja mtu mkono. Ndivyo msimu ulivyoanza hapa Nyabihama, hata maharage hayajaota. Jirani alisogeza mpaka wa shamba hatua mbili, mdogo wangu akamfuata na mpini wa jembe, mfupa ukalia nikausikia kutoka jikoni. Nikatoka mbio nikamzaba Evaristi kofi mbele ya watu wote. Ana miaka arobaini na minane. Akanitazama, akatema mate pembeni, akarudi kupanda. Mimi mwalimu mstaafu, nimechapa watoto wa watu miaka thelathini na minne wakanyooka, huyu wa tumbo moja na mimi kanishinda kabisa.

Mama akauliza kutoka kitandani kuna kelele gani. Nikamwambia ni mbuzi.

Jumapili, 5 Novemba

Mama hakula tena. Nilipotoka ibadani akanishika mkono, akasema, "Pelagia, mvua hii mimi siimalizi. Msinizike hapa barabarani. Nipelekeni kwenye itongo la kwetu, nilale na mama yangu."

Itongo ndivyo tunavyoita mahali palipokuwa boma la wazee, kabla ya Operesheni ya mwaka sabini na nne, watu walipoteremshwa milimani kuja kupangwa mistari kando ya barabara. Bibi alifia hukohuko wakati wa kuhama. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna aliyewahi kunieleza zaidi ya hapo. Mama mwenyewe hajakanyaga kule tangu mwaka ule, na mlima wa Mugoti sasa ni vichaka vitupu.

"Nitapajuaje, mama?"

"Muulize Kipriani. Yeye anapajua."

Jumatano, 8 Novemba

Nimevuka kijito kwenda kwa Mzee Kipriani. Anaishi na binti yake Immakulata, mwanamke mpole asiyependa maneno. Mzee ana miaka sabini na tano, sikio moja halisikii, ananuka tumbaku hadi kwenye kofia. Nikaeleza shida yangu.

"Nitakupeleka, Mwalimu. Lakini kwa mpango wangu mimi. Mugoti ina matongo kumi na manne. La kwenu tutamalizia."

"Kwa nini la kwetu liwe la mwisho? Mgonjwa ni mama yangu!"

"Ndivyo nilivyosema."

Jeuri kweli! Nilirudi nyumbani nikimtukana njia nzima, na tope lilinifika magotini.

Jumanne, 14 Novemba

Radi imeua ng'ombe wawili wa mwenyekiti wa kitongoji na mchungaji wao. Walimkuta kasimama, kaegemea fimbo, amekufa.

Jumatatu, 20 Novemba

Tumepanda Mugoti mara tatu tangu wiki iliyopita. Mzee anatembea polepole lakini hapotei. Anatafuta minyaa ya ua iliyogeuka miti, anatafuta udongo mweusi laini wa zizi, kisha anapiga hatua kutoka ulipokuwa mlango na kuniambia, "Chimba hapo." Nachimba. Chini ya shubiri moja ya udongo yapo mafiga mawili, meusi kwa moshi wa zamani, yamekaa kama yalivyoachwa.

Kila itongo ni mawili. Figa la tatu halipo. Nikamuuliza.

"Wewe hukuambiwa? Mtu akihama kwa heri anachukua figa moja, analitanguliza kwenye jiko jipya. Mawili anawaachia waliolala pale, wasikute jiko limekufa."

"Lakini watu walihamishwa kwa kukimbizwa. Nani alichukua la tatu?"

"Leo sikio langu ni bovu," akasema, akatangulia.

Naandika kila kitu kwenye daftari: jina la ukoo, upande wa mlima, nani alizikwa wapi. Nimefika matongo tisa. Nimeanza kulala vizuri, ajabu.

Ijumaa, 24 Novemba

Lambalamba, wasaka wachawi wale, wameingia kijiji cha upande wa pili wa kata ya Murungu. Wanapiga ngoma, wananusa nyua za watu, wanachimbua pembe na vichupa walivyoficha wenyewe mikononi, kisha wanamtaja mchawi. Mama mmoja mjane wamempiga, wakamng'olea mabati ya nyumba, analala kanisani. Nilimweleza Evaristi, akasema, "Kama hana kitu, walichimbua nini?" Nikamwambia ana akili za kuku. Akacheka, lakini niliona kwamba anawaamini.

Ijumaa, 1 Desemba

Leo nimejua mafiga ya tatu yalipo. Mzee alinizungusha nyuma ya nyumba yake, akafunua majani makavu ya migomba. Mawe kumi na manne yamepangwa mistari miwili kama watoto wa shule.

"Watu walipoondolewa, Jumapili zilizofuata nilirudi kule juu," akasema. "Nilichukua moja moja, kila nyumba. Nilitaka niwape wenyewe. Nikaogopa. Mwaka ukaenda, na mwingine. Sasa nasahau, Mwalimu. Juzi nilimwita Immakulata kwa jina la mama yake. Niandikie majina juu ya mawe, nikifa ajue la kumpelekea nani."

Machozi yalinitoka, nakiri. Nilikwenda nyumbani kuchukua rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka madirisha. Nikakaa kwenye kigoda kuanzia saa nne hadi alasiri, yeye anataja, mimi naandika jina la ukoo na jina la baba mwenye nyumba. Mwandiko wangu ni mzuri, hata wakaguzi walikuwa wanausifia. Nikaandika kumi na matatu. La kumi na nne akaliwekea mkono juu.

"Hili ni la kwenu. Usiandike kwanza. Nikupeleke, nikueleze, halafu ukitaka utaandika."

Alhamisi, 7 Desemba

Mvua ya mawe. Migomba imechanika yote. Mzee alikuja kumjulia hali mama, akakaa chini kando ya kitanda karibu saa nzima, kisha akaaga. Nimempenda huyu mzee, sijui lini. Kama baba angekuwa hai ningependa awe hivi.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimemwacha mlimani. Sijui amerudije na sitaki kujua.

Tulifika itongo la kwetu kabla ya saa sita. Ni pazuri, loo! Unaona bonde lote, na upande wa Mabamba unaona hadi milima ya Burundi. Nikachimba, nikayakuta mawili. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilipoinuka nikamkuta Mzee kavua kofia.

"Mwalimu, mimi nilikuwa mgambo. Tulipewa siku tatu, Mugoti ibaki tupu. Mwenye kukataa achomewe, asiwe na pa kurudi. Nyumba hizi kumi na nne nilizichoma kwa mkono wangu huu. Hii ilikuwa ya mwisho. Niliuliza, kuna mtu ndani? Hakuna aliyejibu. Nikaweka moto kwenye paa. Ndipo nikamsikia."

"Ukamsikia nani?"

"Bibi yako. Alikuwa haoni. Wenzake walidhani katangulia na wajomba zako. Nilipousukuma mlango paa likashuka."

Nilimpiga. Nilimpiga kwa ubapa wa jembe kifuani, akaanguka kwenye minyaa, na kama lingekuwa limegeuka upande wa makali leo ningekuwa muuaji. Hakunyanyua mkono kujikinga, na hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi. Wiki tano ananitembeza kwenye majivu yake! Mimi namwandikia daftari, namfikiria kama baba! Nikamwambia atakufa kifo kibaya kuliko cha bibi. Nikachukua jembe nikashuka, yeye kabaki kakaa palepale na kofia mkononi.

Jumanne, 12 Desemba

Nimemwambia Evaristi. Yote. Nilipaswa kunyamaza, lakini nilikuwa nachemka, nikamwaga kila kitu kama ndoo iliyopinduka: moto, bibi, mawe nyuma ya nyumba chini ya majani ya migomba, majina. Nilisema, nakumbuka maneno yenyewe, "Analo jiwe la kila ukoo pale kwake, mshenzi yule!"

Evaristi hakupayuka. Aliuliza tu, "Upande gani wa nyumba?" Nikamwonyesha kwa kidole.

Mama hatujamwambia kitu.

Jumapili, 17 Desemba

Immakulata alinisalimia kanisani. Sikuitika.

Jumatano, 20 Desemba

Lambalamba wamefika Nyabihama. Kumi na wawili, mkubwa wao ni kijana wa suti ya michezo na shanga shingoni, anaitwa Daktari. Wameanza kitongoji cha juu. Wamechimbua nyumba nne, wamempasua mzee mmoja kichwa kwa fimbo, wameua mbuzi wake wote wakala hapohapo. Wanafunzi wangu wa zamani wanawafuata wakipiga vigelegele. Mwenyekiti wa kitongoji kasema anaenda Kibondo kuita askari. Kaenda kweli, lakini hajarudi.

Evaristi hakulala nyumbani.

Ijumaa, 22 Desemba

Naandika kama yalivyotokea.

Saa nne asubuhi niliisikia ngoma inavuka kijito, nikajua inaelekea wapi. Nikafunga kitenge nikaenda. Sikwenda kumwokoa mtu. Nilikwenda nimwone anavyoaibishwa, nisiseme uongo kwenye daftari langu mwenyewe.

Daktari hakunusa wala hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akapangua majani ya migomba kwa mguu. Pembeni yake alikuwa Evaristi.

Wakayaviringisha mawe hadi uani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeyaosha, majina yanang'aa meupe. Watu wakasogea kusoma. "Yee, ni ukoo wetu huu!" "Na sisi tumo!" "Huyu ni babu yangu, jamani!" Daktari akaruka juu ya figa moja akapaza sauti.

"Mmeona wenyewe? Mafiga! Mnapikwa kila siku! Mnashangaa watoto wanakufa, mnashangaa radi inapiga ng'ombe, wakati huyu anawachochea moto hapa?"

Mzee Kipriani alikuwa mlangoni na mkongojo. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Ni mawe ya nyumba zenu. Nilitaka kuwarudishia." Hakuna aliyemsikiliza. Ndipo mama mmoja wa nyuma, Mungu ambariki, akauliza, "Jamani, Kipriani hajui kuandika hata jina lake. Aliyeandika ni nani?"

Kelele zikakatika.

Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nusu ya wale vijana nimewafundisha darasa la kwanza, nimewashika vidole kuchora hiyohiyo "a" ya mviringo. Wengine walikuwa wanaangalia mawe, kisha wananiangalia mimi, kisha wanaangalia chini. Mzee aliinua macho akanipata. Ningesema "Ni mimi, aliniomba niwaandikie ili mrudishiwe," labda wangesikia. Mimi ni Mwalimu, wananiogopa mpaka leo. Nikamwaza bibi ndani ya moto, nikawaza pia kwamba watanigeukia mimi, na sijui kipi kilitangulia. Nikafunga mdomo.

"Niliandika mwenyewe," Mzee Kipriani akasema.

Wakacheka. Wakiwa bado wanacheka, Evaristi aliinama akanyanyua jiwe lisilo na jina, la kumi na nne, akalibeba kwa mikono miwili na kumtwanga nalo begani. Mzee alikaa chini kama mtu aliyechoka safari. La pili lilimpata kifuani. Halafu wakaja wengine, kila mmoja anatafuta jiwe lenye jina lake, wanasukumana, wananyang'anyana. Wanawake wanne walimkalia Immakulata asisogee. Nilisikia sauti ya mawe yakigonga mwili, kisha ikawa ya mawe yakigongana. Walichoma jiko la nyasi na banda la kuku. Evaristi alikuwa na damu hadi viwikoni, akapita mbele yangu akasema, "Tumemlipia bibi, dada."

Nilimtapikia miguuni.

Mvua ilipoanza watu wakatawanyika kama wanatoka mnadani.

Jumamosi, 23 Desemba

Immakulata kaja mlangoni kwangu, uso umevimba, hakulia wala hakutukana.

"Mwalimu, baba aliniagiza kila jiwe nilipeleke kwa mwenyewe. Yamejaa damu, siwezi kusoma. Njoo unisomee."

Nilikwenda. Ningekataaje? Nilipiga magoti kwenye tope, nikayasugua moja moja kwa gunzi na maji, nikamtajia majina, yeye akayapanga ukutani. Alipofikia lisilo na jina akauliza ni la nani.

"Ni letu," nikasema.

Akalishika akaliweka mwisho wa mstari pamoja na mengine. Sijawahi kuona mtu akinidharau kwa upole namna ile, na nilistahili.

Jumatatu, 25 Desemba

Sikwenda kanisani. Tumemzika Mzee Kipriani watu saba.

Alhamisi, 28 Desemba

Evaristi kavukia Mabamba, inasemekana yuko kwa mkewe wa pili huko Burundi. Daktari na watu wake wametoweka. Nimepanda bodaboda hadi Kibondo, kituoni, nikasema: majina kwenye mawe niliandika mimi, aliyemwonyesha Evaristi mahali yalipo ni mimi, na aliyempiga na la kwanza ni mdogo wangu wa damu. Askari nilimfundisha, anaitwa Nkunzimana. Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, una mgonjwa nyumbani. Kuandika si kosa. Nenda ukapumzike, mama yangu."

"Shika kalamu!" nikamfokea, nikapiga meza hadi chai yake ikamwagika. "Andika nilivyosema, na andika kwamba nilikuwepo nikanyamaza."

Akaandika. Nikasaini. Nilidhani nitatoka mwepesi, lakini wapi.

Jumatano, 3 Januari

Tumevuna maharage ya kwanza. Mama hajala siku nne, ila kichwa chake ni kizima. Leo kauliza, "Kipriani mbona haji?"

Nikaketi kando yake nikamwambia kila kitu, tangu mlimani hadi kituoni. Sikujipunguzia. Alisikiliza ameangalia dari. Nilipomaliza nikamwekea mkono kifuani kuona kama anapumua.

"Nilijua aliyemchoma mama," akasema. "Nimejua tangu mwaka uleule. Alikuja akapiga magoti pale mlangoni, mimi nina mimba ya Evaristi. Nilimmwagia uji wa moto mgongoni. Kesho yake akarudi na jembe, akaanza kunilimia. Alinilimia misimu mitatu, hanywi hata maji kwangu. Msimu wa tatu nikamwambia, inatosha, ingia ule. Nikampakulia kwa mkono wangu. Wewe ndiye uliyemletea maji ya kunawa."

Sikumbuki. Mungu wangu, sikumbuki kabisa.

"Kwa nini hukutuambia, mama? Kwa nini ulituacha hatujui?"

"Niwaambie nini? Mambo yalikwisha, tulishakula pamoja." Akavuta pumzi. "Na yule mtoto wa mimba ile ndiye kamuua. Na wewe unaangalia."

Nikalia kwa sauti kama mtoto, sikuona aibu. Kisha nikamwambia lile pekee nililokuwa nimebakiwa nalo la kumpa. Nikamwambia itongo nimelipata, ni mahali pazuri, bonde lote linaonekana. Nimeongea na vijana wa kwaya watafyeka njia, wako wanane wa kumbeba, tutamlaza palepale alipolala bibi kama alivyoomba.

Akatikisa kichwa juu ya mto.

"Usinipeleke."

"Mama, ndicho ulichokitaka!"

"Nilikitaka. Sasa nikifika mama yangu ataniuliza nimewaacha watoto gani duniani. Nitamwambia nini, Pelagia?"

Akageukia ukutani. Nimekaa hapa tangu mchana, na uji umepoa.

Jumamosi, 6 Januari

Mama amefariki saa tatu asubuhi. Immakulata ndiye aliyekuja kumwosha, mimi nikashika beseni. Tunamzika kesho hapa barabarani.